Uliza Shangazi: Shule zimefungwa, watoto wamejaa ndani, bando limeisha

Jamani mwezi huu barua zote kilio ni kimoja. Watoto wako nyumbani, wiki ya kwanza tu wazazi wameshachoka, na kila mtu anataka mchezo wa bure usiokuwa na kelele. Wa bure upo. Usiokuwa na kelele mi siujui, kama kuna anayeujua aniandikie. Nimechagua barua sita, nyingine msinune.

Shangazi shikamoo. Nina watoto wangu watatu, Desemba hii dada yangu kaniletea wake wanne, jumla saba, mdogo ana miaka mitano mkubwa kumi na nne. Tuna vyumba viwili na kiuwanja cha mchanga tunachochangia na wapangaji wenzetu. Kutwa ni vita ya rimoti. Hela ya kuwapeleka beach sina, ya kununua matoi ndo kabisa. Nifanyeje kabla sijawa chizi? – Mama wa Saba, Mbagala

Marahaba mwanangu. We unalia na mtaji uko nao mkononi. Watoto wawili ndani ya nyumba ndo mtihani, watagombana mpaka mchele uive, lakini saba! Saba hao ni kombolela kamili, tena na akiba.

Nakukumbusha kama umesahau. Tafuta kopo la bati la maziwa, tia vijiwe vitatu ndani lipige kelele. Mmoja analirusha mbali kadri anavyoweza, wa zamu analifuata, wengine wanakimbia kujificha. Akilirudisha kwenye duara anaanza kutafuta, akimuona mtu anawahi kopo, analigonga chini na kutaja jina, huyo kashikwa anakaa pembeni. Sasa utamu wenyewe ni pale wameshikwa watano, wa zamu anajiona mshindi anamtafuta wa sita, huku nyuma mtu anachomoka nyuma ya choo analipiga kopo teke, "kombolelaaa!", wote huru, kazi inaanza upya. Nimeshawahi kukaa zamu toka alasiri mpaka adhana ya magharibi, nikarudi nyumbani nalia na hakuna aliyenionea huruma.

Huyo wa miaka mitano usimwache awe wa zamu peke yake, mpe mkubwa awe pacha wake, wajifiche pamoja na wakishikwa wanahesabiwa mmoja. Ukishamuweka mdogo pembeni "aangalie tu" ujue ndo atakuja kukuharibia siku.

Kiuwanja kikiwa kidogo kwa kujificha, wacheze rede. Wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira, aliye katikati anakwepa na huku anajaza mchanga kwenye chupa, akipigwa katoka, chupa ikijaa ameshinda. Mpira usinunue. Chukua soksi iliyopoteza mwenzie, nenda kwa fundi cherehani wa mtaani muombe vile vipande anavyovifagia jioni, shindilia mpaka iwe ngumu kama embe bichi, sokota shingo ya soksi, geuza juu ya ule mpira, sokota tena geuza tena, mwisho shona. Hiyo haivunji kioo cha mpangaji na ikimpata mtu haumii sana, inauma kidogo, inabidi iume kidogo.

Mvua ikinyesha, na Desemba Dar mvua haina ratiba, ingizeni mchanga kwenye sinia. Fanyeni kichuguu, katikati simika kijiti, kila mtu kwa zamu anajivutia mchanga huku wote mnaimba kula mbakishie baba. Wa kwanza wanajivutia marundo kwa mbwembwe, mchanga ukibaki kidogo utaona watoto walioshindikana wametulia wanashika punje kwa vidole viwili. Atakayeangusha kijiti zamani alikuwa anakimbizwa na kupigwa mgongoni, mi nimebadilisha, kwangu anaosha vyombo. Na wewe cheza, usikae jikoni unasikiliza. Siku ukiangusha kijiti ukaosha vyombo wao wanakuangalia, hiyo rimoti wataisahau.

Habari Shangazi. Mwanangu ana miaka kumi na mbili, kutwa yuko kwenye gemu la simu. Nilimwambia nitamnunulia bao tucheze wote akacheka, ety bao ni la wazee wa kijiweni. Na bei ya bao la kuchonga nimeisikia nikanyamaza. Nimuachie simu yake? – Baba, Dodoma

Salama baba. Kwanza usimwambie kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa anapenda bao, maana hapo ndo utakuwa umemthibitishia kuwa ni la wazee. Pili usinunue. Lile ambalo amelitengeneza mwenyewe hawezi kulicheka.

Nenda dukani kaombe trei za mayai za karatasi, mbili. Mbili, baba, sio moja, na nakuambia kwa sababu mi mwenyewe nilijifanya mjuaji. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo nane nane. Trei ya mayai ina 30, sita kwa tano. Nilikaa na mtoto wa kaka yangu tukapaka trei rangi vizuri, tukaipamba, tukaanika, ndo tunapanga kete yule mtoto ananiuliza shangazi mbona safu ni tano? Nilitamani ardhi ipasuke. Kwaiyo katika kila trei kata kipande cha mashimo manne kwa manne, vishone pamoja kwa sindano ya gunia na uzi, una nane kwa nne. Chini gundisha boksi gumu lisije likapinda. Mabaki usitupe, yanaota miche ya nyanya vizuri sana.

Kete ziwe 64. Zenyewe hasa ni komwe, zile mbegu za mkomwe za kijivu zinazong'aa, ila Dodoma utazitoa wapi, tumia maharage makubwa au mbegu za ubuyu zilizomung'unywa zikaoshwa (hizo Dodoma ndo kwao). Kumung'unya ni kazi ya familia nzima, hapo umeshapata mchezo wa kwanza.

Alafu usianze naye bao lenyewe la kiswahili lenye nyumba (shimo maalum) na kunamua (kuingiza kete za akiba moja moja), utamkimbiza. Anza na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, mashimo yote yamejaa. Kila mmoja ana safu zake mbili. Unaokota kete za shimo moja, unazigawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata ya kwako. Ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzio linalotazamana nalo lina kete, unazila zile za kwake, unazianzisha upande wako kuanzia shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele, unaendelea. Kama hakuna cha kula unaokota zote za pale ulipoishia unaendelea kuzunguka. Ukiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Ambaye safu yake ya mbele imeisha kete kafungwa.

Mtoto wa gemu za simu atakupenda hapa maana bao ni hesabu, unakaa unapiga picha kichwani hizi kete zikienda hivi zitafika wapi. Mpe wiki. Mimi wa kwangu siku ya nne alinifunga, akaanza kunirekebisha.

Shangazi, tunaishi Minneapolis. Huku Desemba ni theluji tupu na watoto wangu wawili, 7 na 10, Kiswahili wanasikia ila wanajibu kwa Kiingereza. Bibi yao anapiga video Krismasi, kila mwaka ni "hi bibi" alafu kimya. Kuna mchezo wa kucheza ndani ambao utawafungua mdomo? – Mama Ughaibuni

Pole na baridi mdogo wangu. Mchezo upo na hauhitaji hata karatasi, vitendawili. Najua unajua, ila nahisi umewafundisha kama somo, yani wewe unauliza wao wanakosa, basi. Kitendawili bila mji ni mtihani wa shule.

Fanya hivi. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wote "Tega!". Anatega, "Kuku wangu katagia mwibani." Wanakisia, kikapu? sungura? wakishindwa mtegaji anadai, "Nipeni mji!" Hapo lazima wampe mji, na sio Chicago, mji wa nyumbani. "Chukua Tanga!" Anaweza kuukataa, Tanga nishaenda sitaki, mpaka apewe anaoupenda. Akikubali ndo anajidai sasa, "Nimeenda Tanga, nimekula samaki, nimekunywa madafu, wenyeji wamenipokea, nyinyi mmebaki na njaa," anaongeza chumvi anavyotaka, mwishoni ndo anatoa jibu, nanasi. Hapo kwenye kujidai ndipo mtoto anapofungua mdomo. Hakuna mtoto asiyetaka kujidai mbele ya kaka yake, atatafuta maneno ya Kiswahili popote yalipo.

Anza na vifupi: nyumba yangu haina mlango (yai), popoo mbili zavuka mto (macho), kila niendapo ananifuata (kivuli), huku ng'o na kule ng'o (giza), pa funika pa funua (nyayo unapotembea). Hicho cha mwisho watembee sebuleni wakisema pa funika, pa funua, hawatakisahau.

Ramani ya Tanzania wachore wenyewe kwenye boksi, ukutani, kila mji uliotolewa unabandikwa kidoti. Alafu siku ya video wao ndo wamtege bibi, sio bibi awatege. Bibi akishindwa (atajifanya ameshindwa, bibi zetu nawajua) atoe mji. Nakuhakikishia atatoa kijiji chake, na hapo watoto wataanza maswali, hicho kijiji kiko wapi mbona hakipo kwenye ramani yetu.

Mwanangu, mimi ni bibi wa Kibosho, huku Kilimanjaro. Wajukuu kumi na mmoja wanakuja kuhesabiwa (yani kurudi nyumbani kwa ukoo) Krismasi hii kutoka Dar na Arusha. Mwaka jana baba zao walinunua mapambo ya dukani, hadi mwezi wa kwanza yamechanika yamejaa shambani mpaka ng'ombe akatafuna. Nataka waje watengeneze yao. Wafanye nini? – Bibi K.

Shikamoo bibi. Pole na ng'ombe.

We una migomba, kwaiyo duka unalo nje. Yale majani makavu yanayoning'inia kwenye mgomba, watume wayakate asubuhi yakiwa na umande maana mchana yanavunjika vunjika. Wayapasue vipande, yana rangi nzuri za kahawia za kila aina, wabandike kwenye boksi lililokatwa nyota, au wakunje kadi wabandike mgomba, nyumba, ng'ombe (huyo huyo mkosaji). Wadogo wape shina la mgomba uliokwisha kuzaa, unalikata vipande vya duara yanakuwa matairi, kijiti kinapita katikati, gari tayari. Linakufa baada ya siku mbili tatu na ng'ombe akilila ni chakula chake.

Gundi ipikeni. Vijiko vinne vya unga wa ngano kwa kikombe cha maji, koroga na maji baridi kwanza yasibaki madonge, ndo uweke motoni, koroga mpaka iwe nzito inang'aa kama uji wa mgonjwa. Tia chumvi kidogo. Itumieni siku hiyo hiyo maana kesho inanuka, na msiache kazi zilizobandikwa chini usiku, mende na panya wanaipenda hiyo gundi kuliko nyie.

Kuna na mapambo ya unga wa chumvi, ni unga vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja ila uyatie kidogo kidogo, ukande kama wa chapati. Sukuma usizidishe unene wa kidole, kata nyota kwa kisu au duara kwa mdomo wa glasi, toboa tundu la uzi kabla haijakauka (hili watu wote wanasahau), anika juani siku mbili tatu huku unageuza. Bizari inatoa njano safi, unga wa kakao kahawia. Wajukuu wa mjini waambie haziliwi, mmoja ataonja tu, hatafanya tena.

Kwenu huko juu zitakauka vizuri kama hakuna mvua. Mi nilizifanya nikiwa Tanga, tukapachika kwenye tawi la mvinje, tukapiga picha, nikajisifu kwa mashoga zangu. Chumvi bibi inavuta unyevu, na Tanga hewa yenyewe ni maji. Tarehe 25 nyota zimesimama, 28 zimeanza kutoa jasho, mkesha wa mwaka mpya zimelainika zinaning'inia kama masikio ya mbuzi, moja ikadondoka kwenye sinia la pilau. Wa pwani wapake vanishi pande zote mbili au waachane nazo wasuke makuti, mbona mnayo. Saa, miwani, pangaboi la kukimbiza kwenye upepo, mtoto yeyote wa pwani aliyezidi miaka thelathini anajua, muulizeni.

Assalam aleikum Shangazi. Sisi ni Waislamu, tuko Likoni, Krismasi hatusherehekei lakini wanangu wanawaona wenzao mtaani na mapambo wanajiona wameachwa nje. Shule zimefungwa kwa wote. Wafanye nini nao wafurahi bila mimi kuingia kwenye mambo ya watu? – Mama, Mombasa

Waaleikum salaam. Hapa sioni tatizo mama, likizo ni ya serikali. Na nyinyi Desemba mna kitu ambacho huku bara wanatamani, mna kaskazi. Upepo huo unaingia Desemba unakaa mpaka kama Machi, unavuma ule wa kutulia, na mko baharini. Rusheni tiara, wengine mnaita kishada.

Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, ile imepigwa marufuku, Kenya toka Agosti 2017 na sisi huku toka Juni 2019, na wala sijutii, ile mifuko ilikuwa inabaki kwenye miti miaka. Chukua kurasa za gazeti, zibandike pamoja mpaka zitoshe. Njiti za fagio la chelewa, uziunganishe mbili mbili kwa uzi zisipinde, moja ya wima kama sentimita 60, ya mlalo 50, zipishane robo ya juu, funga msalaba. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne upate umbo, kaza. Laza juu ya gazeti, kata ukiacha ukingo wa vidole viwili, kunja juu ya uzi bandika kwa ile gundi ya bibi. Uzi wa kushikia ufunge kwenye njiti ya wima sehemu mbili, juu na chini, ulegee kidogo, ndo hapo katikati unaunga uzi mrefu.

Mkia ndo siri. Tiara ikizunguka zunguka na kupiga kichwa chini sio mbovu, mkia ni mfupi. Chana leso kuukuu vipande vyembamba, unga mpaka upate mara tano ya urefu wa tiara, ikibaki inacheza ongeza, ikishindwa kupaa punguza. Hapo watoto watakaa nusu siku wanapunguza na kuongeza. Kwenye nyaya za umeme wasikaribie hata kidogo, na ikinasa huko iachwe, gazeti ni la jana.

Na wale wenzao wenye mapambo watawafuata ufukweni, utaona.

Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka 11 nakaa Tabora. Baba yangu ananifunga bao kila siku na nahisi anaiba ila nikimwambia anasema mimi ni mtoto sijui. Nifanyeje? – Mwenye Uchungu

Marahaba mwanangu, nimekuamini moja kwa moja.

Kabla hamjaanza hesabu kete zote kwa sauti, mama akiwepo asikie, 64. Baba akigawa mwambie agawe polepole, moja shimo moja, wazee wana ujanja wa kudondosha mbili kwa mkupuo au kuruka shimo kama mkono umeteleza. Usimwangalie usoni, atakupigisha stori, angalia mkono. Mchezo ukiisha hesabu tena, zikiwa 62 usigombane, mwombe tu kwa adabu asimame, alafu angalia pale alipokuwa amekalia.

Na uniandikie zilikuwa ngapi.